Embu Tushangae Jamani: Kutoka Mtaa wa Shaaban Robert Mpaka Andromeda

(Haya ndo maneno niliyoongea Kigamboni kwenye mkusanyiko wa vijana na wazazi. Wengi mmeniomba niyaandike ili na waliokosa wayapate, nimeyaacha karibu vilevile nilivoyasema.)

Shikamooni wazee wangu, wazazi wangu asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Asanteni sana kwa kuja, najua kuna waliovuka na pantoni na kuna waliokaa kwenye foleni ya darajani toka saa kumi, na Jumamosi ya Dar kila mtu ana msiba wake na kikao chake cha harusi, kwahiyo mtu akiacha hayo yote akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki asikilize mambo ya mapango na nyota, huyo ni mtu wa kumheshimu.

Nimeombwa niseme kidogo kuhusu vivutio vyetu, na nadhani aliyeniomba alitegemea nije na mbuga na bei za viingilio. Hizo mtazipata tu, vijana wanaotembeza watalii wapo wengi na wanaijua kazi yao. Mi nataka niongelee kitu kinachotangulia, yaani kushangaa kwenyewe, ile hali ya mtu kusimama mbele ya kitu kikubwa au cha zamani au kizuri mpaka anasahau alikuwa anaenda wapi. Kwa sababu naona tunaipoteza, na tunaanza kuipoteza tungali wadogo kabisa. Mtoto kashikwa mkono anatoka madrasa jioni, anamuuliza mama yake mbona mwezi unatufuata, anajibiwa tembea huko tumechelewa. Kesho yake haulizi tena. Akifika fomu two sisi walimu tunamuuliza mwezi uko umbali gani, anajibu kilomita 384,000, anapigiwa vema, ila mwezi wenyewe hajawahi kuuangalia hata dakika tano mfululizo.

Sasa tuanzie hapahapa mjini. Ukishuka Posta ukatembea mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na ile bustani ya mimea, unaikuta Makumbusho ya Taifa. Wengi wetu tulipelekwa pale na shule, tukapangwa mstari, tukaambiwa msiguse, tukatoka tukanunuliwa juisi, na ikawa imetosha maisha yote. Jamani, makumbusho yale ndo yanatunza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale sana wa ukoo wa binadamu. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini anaumwa, mama wa watu akaenda bondeni mwenyewe na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye udongo. Lina miaka milioni 1.75. Nenda kaliangalie, au hata nakala yake, lakini liangalie kwa kutulia. Angalia magego yalivyo mapana, mara mbili ya ya kwako. Angalia utosini, kuna mfupa umesimama katikati kutoka mbele kwenda nyuma, pale ndo misuli ya taya ilipokuwa imejishikiza, maana huyu alikuwa anatafuna kutwa nzima. Na chini ya paji la uso kuna sehemu mbili za macho. Kwenye hayo matundu mawili kulikuwa na macho yanaona jua linachwa upande wa Serengeti, na usiku yanaona nyota.

Hapo kwenye nyota naomba mnishike vizuri kwasababu ndo moyo wa niliyokuja kusema.

Kila mwaka kuanzia Oktoba mpaka Disemba, jioni giza likishaingia sawasawa, ukitoka nje ya mataa ya mji, mfano ukienda kule mbele ya Kimbiji au ukielekea Bagamoyo, ukiangalia upande wa kaskazini karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini, kuna kidoa cha ukungu. Ni kidogo, hakimetimeti, na ukikikazia macho kinapotea, lazima utazame pembeni yake kidogo ndo kinarudi. Unakiona kwa macho matupu, bila darubini. Kile kidoa ni galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota mabilioni. Mwanazuoni wa Kiajemi anaitwa al-Sufi alikiandika mwaka 964 akakiita wingu dogo, na wakati huo Kilwa tayari kuna watu wanaishi na majahazi yanakuja na kuondoka na pepo za kaskazi na kusi, kwahiyo usiniambie hakuna nahodha hata mmoja wa pwani hii aliyewahi kukiona. Kiko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Nuru inakimbia kilomita laki tatu kwa sekunde moja, ya jua inatufikia kwa dakika nane na kidogo, ya mwezi ni sekunde moja na kidogo tu, alafu ile ya Andromeda imetembea miaka milioni mbili na nusu bila kusimama popote mpaka ikaja kuingia kwenye jicho lako wewe uliyesimama Kimbiji na ndala.

Sasa irudishe hiyo Mtaa wa Shaaban Robert. Zinjanthropus ana miaka milioni 1.75. Maana yake ni kwamba huyu kiumbe alipokuwa anatafuna pale Olduvai, mwanga utakaouona wewe mwezi wa kumi na moja ulikuwa tayari uko njiani, na ulikuwa umeshasafiri laki saba na nusu za miaka. Alizaliwa, akala, akafa, akafunikwa na majivu ya volkano na matope, ziwa likajaa likakauka, bonde likachimbika, Mary Leakey akapita na mbwa wake, fuvu likaja Dar, na muda wote huo mwanga uko njiani unakuja tu. Mi nikilifikiria hilo nakosa pa kukaa. Nimewahi kulisema darasani likapita kimya na kuna darasa jingine kijana mmoja alinyanyuka akatoka nje kuangalia juu, saa tano asubuhi, nyota hakuna, ila nilimwelewa kabisa.

Na bado kuna wa Laetoli. Laetoli iko kusini ya Olduvai, mwendo kama wa kilomita 45. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilitema majivu laini, mvua ikanyesha kidogo, watu wakapita juu yake (niwaite watu tu, mnisamehe wataalam), majivu yakaganda, yakafunikwa na majivu mengine. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey wakaufukua mstari wa nyayo, karibu mita 27. Visigino vinaonekana, kidole gumba kimelala mbele sambamba na wenzake, yaani unyayo unaouacha wewe ukitoka kuoga baharini. Mmoja mkubwa na mmoja mdogo wanatembea sambamba, na ndani ya nyayo za yule mkubwa watafiti waliona kuna mtu wa tatu aliyekuwa anakanyaga palepale mwenzake alipokanyaga. Miaka ya hivi karibuni, Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam na wenzake wakagundua nyayo nyingine mita kama 150 tu kutoka zile za kwanza, wakatangaza Disemba 2016, na mmoja wa hao wapya alikuwa mrefu kuliko wote, wanakadiria sentimita 165. Nilivyosoma habari ile nilifurahi siku nzima, kwanza kwasababu nyayo zimeongezeka, pili kwasababu jina la Mtanzania liko pale juu kabisa.

Watembeaji wa Laetoli wao walipita zaidi ya miaka milioni moja kabla huo mwanga wa Andromeda haujaanza safari. Ndo muone.

Wengine mtasema mwalimu hizo Andromeda ni za karibu, sisi tumeona picha za darubini ya James Webb. Sawa, tuende huko. Webb ilirushwa siku ya Krismasi 2021, ina kioo cha mita 6.5 kwa upana, iko kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani, na tarehe 11 Julai 2022 ikatolewa picha yake ya kwanza ya anga la mbali. Ile picha ina maelfu ya galaksi. Kipande cha anga walichopiga ni kidogo, ukichukua punje moja ya mchanga wa hapa ufukweni ukaiweka kwenye ncha ya kidole ukanyoosha mkono, eneo la anga linalozibwa na ile punje ndo hilo. Walikaa wanakusanya mwanga wa hapo kwa masaa kama 12 na nusu. Yale mabaka ya mwanga yaliyojikunja kunja kwenye picha ni galaksi za mbali zaidi ambazo mwanga wake umepindishwa na uzito wa kundi la galaksi lililoko mbele yake. Na hilo kundi la mbele, mwanga wake umetumia miaka bilioni 4.6 kufika. Jua letu lina umri wa bilioni 4.6. Yaani ule mwanga umeondoka kule wakati jua lenyewe ndo linawaka kwa mara ya kwanza, dunia bado haijawa dunia, hakuna bahari wala Kigamboni.

Ila kuna jambo sijasikia mtu analisema hapa kwetu na mi nalisema kila nikipata nafasi. Kile kipande cha anga kiko kusini, kusini sana. Mtu wa London hata akeshe mwaka mzima hakichomozi kwake, dunia yenyewe imemziba. Sisi tunacho. Jioni za mwezi wa pili na wa tatu kiko palepale upande wa kusini, juu ya Mkuranga kwa anayeangalia kutoka mjini, hutaziona hizo galaksi kwa macho lakini uelekeo ni ule. Na karibu na hapohapo, kwenye giza zuri, kuna mawingu mawili ya mwanga yasiyosogea na upepo, moja kubwa moja dogo, wanayaita mawingu ya Magellan. Nayo ni galaksi, ndogo, jirani zetu, ile kubwa iko miaka ya nuru kama 160,000. Mwezi wa pili 1987 nyota moja mle ndani ililipuka na watu wa upande huu wa dunia wakaiona kwa macho yao, wazee mliopo hapa huenda mliiona mkadhani ni nyota tu. Mlipuko wenyewe ulitokea zamani hizo, habari zake ndo zikatufikia 87. Kwahiyo anga bora liko upande wetu, na sisi tumeliwashia taa na hatunyanyui shingo. Umeme ukikatika mtaa mzima watu wanalalamika, na wana haki, friji zina samaki, lakini hiyo ni saa nzuri kabisa ya kutoka na watoto nje.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua liko vichwani, kwasababu naulizwa kila nikiongea mambo haya, na anayeuliza mara nyingi ni mtu mzima aliyechoka na haki yake: mwalimu haya yote mazuri, ila yananisaidia nini mimi ambaye kodi ya nyumba inaisha mwisho wa mwezi? Silipuuzi hili swali. Jibu langu liko Kondoa.

Ukitoka Dar asubuhi na treni ya SGR, masaa kama manne hivi uko Dodoma, unachukua basi la barabara ya Babati, lami yote, unapita Kondoa mjini unashuka Kolo. Pale kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipia, unapewa mtu wa kukuongoza, alafu unapanda mlima. Eneo zima lina miamba zaidi ya 150 iliyoinama yenye michoro, iko kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na toka 2006 ni urithi wa dunia. Mary Leakey huyohuyo alikaa pale mwaka 1951 ananakili michoro kwa mkono.

Mnapanda jua kali, mawe yanateleza, mnafika chini ya jiwe kubwa lililoegemea mbele, kuna kivuli na upepo, mwanzoni huoni kitu. Ukuta tu wenye madoa. Unakaa. Baada ya dakika kadhaa macho yanaanza kutoa vitu vyenyewe: twiga, alafu unagundua shingo yake inapita juu ya mnyama mwingine aliyechorwa kabla yake, alafu pofu, alafu mtu, mrefu, mwembamba sana, kiwiliwili mistari mitupu iliyopita kutoka juu hadi chini, kichwani nywele au kofia kubwa ya duara yenye mistari nayo. Rangi ni nyekundu ya udongo. Mstari mwingine ni mwembamba kiasi kwamba huwezi kuuchora kwa kidole, huyo alitengeneza brashi, alikaa akachagua kitu cha kutengenezea brashi. Kuna mchoro mmoja pale Kolo nikiufikia huwa sisemi na mtu: watu watano wamesimama safu moja, wa katikati inaonekana ni mwanamke, wawili wa upande mmoja wamemshika mkono, vichwa vyao virefu vya ajabu, huenda wamevaa vinyago, na upande wa pili kuna wawili wengine nao wanamvuta. Mary Leakey aliona hapo mwanamke anatekwa na wenzake wanamtetea. Wengine waliozichunguza ngoma za Wasandawe wakasema hapana, hii ni ngoma ya uganga, huyu kazidiwa na maruhani na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi nasimama na hawa wa pili, kwasababu ukiangalia magoti yao hakuna anayekimbia, wamejipanga, kuna mpigo pale.

Hiyo michoro myekundu inahusishwa na wawindaji na waokota matunda, mababu wa watu wenye undugu na Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Ile myeupe iliyopakwa kwa vidole ni ya wakulima waliokuja baadae, na baadhi ya miamba mpaka leo watu wa vijiji vya jirani wanapanda kufanya matambiko ya mvua na uganga, kwahiyo ukienda enda na adabu, ile ni sehemu ya ibada ya watu. Na si mbali, pale Kisese, wachimbuaji walikuta shanga za ganda la yai la mbuni zina zaidi ya miaka elfu 40. Mtu amekaa, amevunja ganda, amelitoboa bila kulipasua, amelisugua mpaka likawa duara.

Ndugu yangu wa kodi ya nyumba, hawa watu hawakuwa na ghala. Hawakuwa na akiba ya kesho. Nyama ikikosekana leo hamna cha kukopa dukani kwa Mangi. Na bado mmoja wao aliacha kuwinda siku nzima, akatafuta jiwe jekundu, akalisaga, akalichanganya, akatengeneza brashi, akapanda mlima akachora pofu na manyoya ya shingoni. Alishangazwa na yule mnyama kiasi kwamba kumla peke yake hakukutosha. Tunaambiana kushangaa ni anasa ya waliokwisha shiba, watu wa Kondoa wanatuambia kwa rangi nyekundu kwamba hapana, kilikuwepo pamoja na njaa, hakikusubiri shibe. Ukinyimwa hicho umenyimwa kitu ambacho hata mwenye upinde na njaa tumboni alikuwa nacho.

Asiye na nauli ya Dodoma naye asinune, panda daladala ya Tegeta ushuke Mtongani uulizie magofu ya Kunduchi. Kati ya mibuyu kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya watu wakubwa wa karne ya 18, yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa. Sogea karibu na nguzo. Waliokuwa wanajenga walikuwa wanapachika mabakuli ya kauri kutoka China kwenye chokaa ikiwa bado mbichi, mdomo wa bakuli umetazama nje, na mengi yameng'olewa na wezi na wakusanyaji kwa miaka, kwahiyo unachokiona sehemu nyingi ni lile shimo la duara. Pitisha macho humo ndani bila kugusa. Bakuli limetoka China, limevuka bahari, limeuzwa na kuuzwa tena mpaka likafika Kunduchi, na aliyelipata badala ya kulia ubwabwa akasema hili tumwekee marehemu. Hayo yapo ndani ya Dar, jirani na mahoteli ya ufukweni, na nimekutana na watu waliozaliwa Kunduchi hawajawahi kuingia.

Kilwa sitaisema sana maana nikianza tutalala hapa. Niseme tu kwamba Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu kuwa katika miji mizuri kabisa, na ikulu ya Husuni Kubwa ambayo sultani aliijenga juu ya mwamba ina vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane lililoitazama bahari. Nendeni. Boti kutoka Kilwa Masoko ni fupi tu.

Na kuna kitu kimoja kinachounganisha huku chini na kule juu, nacho ni Kimondo cha Mbozi, mkoa wa Songwe. Kama tani 16 za chuma na nikeli, urefu kama mita tatu, kilianguka zamani hata wenyeji hawana simulizi ya siku kilipoanguka. Hicho unaruhusiwa kukigusa. Ni baridi na kina mashimo mashimo ya kuingia kidole. Chuma cha kimondo na cha hapa duniani kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa, na chuma hichohicho kiko kwenye damu yako, ndo maana zahanati wanawapa wajawazito vidonge vya madini ya chuma. Kwahiyo ukiweka kiganja pale Mbozi pande zote mbili ni kitu kimoja.

Kuna dada aliniuliza, mwalimu ukiyajua yote haya hujisikii mdogo, hujisikii si kitu? Nikamwambia la, kwa kweli sijisikii hivo hata kidogo. Galaksi haijui kama ipo. Andromeda na nyota zake zote mabilioni haiwezi kujishangaa yenyewe, inamhitaji mtu asimame Kimbiji ajiulize kile nini. Wakubwa wetu wa pwani walilijua hilo, walikuwa wanalima na kuvua kwa kusoma anga, si tunasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Yule aliyesema hivo aliangalia miaka na miaka, akaona kile kikundi cha nyota kinapotelea magharibi msimu gani na kinarudi alfajiri msimu gani. Kilimia kiko miaka ya nuru kama 440, mwanga wake wa leo uliondoka Fort Jesus ya Mombasa haijajengwa bado.

Ombi langu kwenu ni moja na ni la simu. Sizichukii simu, picha za Webb mi mwenyewe nilizionea kwenye simu. Ila naona tunafika mahali, mtu anageuka mgongo, anajipiga picha tatu, anaondoka, na kile alichokifata kiko nyuma yake muda wote. Kolo inataka ukae mpaka macho yazoee. Anga linataka hivyohivyo, dakika 20 bila mwanga wowote ndo jicho linafunguka, ukiwasha kioo cha simu mara moja unaanza upya. Piga picha, lakini piga mwisho.

Sasa mipango. Leo saa mbili na nusu tutazima taa za uwanja huu, mwenye nyumba ameshakubali, mawingu yakituruhusu tutaangalia kusini kwanza alafu kaskazini, watoto wakae mbele. Kuna darubini moja, tutapanga foleni, wazee watangulie. Wanaotaka safari ya Kolo waandike majina kwa dada pale mlangoni na namba ya simu, tutaenda na treni ya asubuhi, mje na viatu vya kufunga na maji ya kutosha, na sweta, Kondoa usiku kuna baridi msiyoizoea. Watoto wa sekondari waje na barua ya mzazi. Asanteni sana, maswali karibuni.